Naomba ushauri: riwaya fupi za kumalizia mwaka

Habari zenu wakuu. Lengo langu mwaka huu ni vitabu viwili kila mwezi. Sasa ni Oktoba na bado nadaiwa vingi, kwa hiyo natafuta riwaya fupi za Kiswahili, kurasa mia hivi, zinazosomeka kwenye daladala na foleni za jioni.

Nilianza na Kusadikika ya Shaaban Robert. Nchi inaelea angani, Karama kashtakiwa, anajitetea kwa kusimulia yaliyowapata wajumbe waliotangulia. Inakwenda vizuri, ingawa hotuba nyingine zinachosha kidogo. Nikachukua Nagona ya Kezilahabi (1990) kwa sababu ya wembamba wake tu. Jamani, hicho si kitabu cha daladala! Ukurasa mmoja unaurudia na bado hujui kama uko ndotoni au macho. Nimekipenda sana, ila kwa spidi ninayoitaka hakinisaidii. Mzingile, ambayo ni ndugu yake, naiacha hadi Januari.

Za upelelezi zingenifaa zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla nimeshaisoma, na mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wangu kabisa. Nani mwingine wa aina hiyo? Na waandishi wanawake pia, maana orodha yangu ni wanaume watupu.

Halafu, tamthilia mnazihesabu? Naitamani Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, lakini mwenzangu anadai huo ni ujanja wa kutafuta namba. Mnasemaje?