Naomba ushauri: mashindano ya poka ya kanda kwa kiingilio nafuu

Wakuu, habari zenu. Mimi na wenzangu wawili tunataka kuanzisha mfululizo wa mashindano ya poka, aina ya Texas Hold'em, yanayozunguka miji ya kanda yetu. Kiingilio kiwe kidogo, mtu wa kipato cha kawaida acheze bila kugusa kodi ya nyumba.

Kinachonitatiza ni muda. Tukiwapa wachezaji 60 chipu (sarafu za mchezo) za 20,000 kila mmoja, mezani zitakuwa 1,200,000. Blaindi (madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa) zikianza 100 na 200, mtu ana nafasi ya kufikiri. Tatizo, zikipanda kila baada ya dakika 30 tutakesha, na ukumbi una saa ya kufungwa. Zikipanda kila dakika 12, basi ni bahati nasibu tu, ujuzi hauna kazi. Nawaza dakika 20. Waliowahi kuendesha, mlitumia ngapi?

Tulijaribu mara moja bila wagawa karata, wachezaji wakawa wanagawa wenyewe kwa zamu. Karata moja ikafunuka kwa bahati mbaya, tukabishana karibu nusu saa huku saa ya blaindi ikikimbia. Sitaki tena.

Pia, fedha za ukumbi na wagawaji tuzikate kwenye kiingilio, au tuzitaje pembeni? Mimi naona zitajwe wazi, mwenzangu anasema zitawatisha watu.

Suala la leseni tunalifuatilia kwanza, hilo msihofu.