Jumuiya Yetu: arobaini ya Mzee wa Tunduma

*Katibu:* Tumsifu Yesu Kristo. Jumamosi saa 4 asubuhi misa ya arobaini, nyumbani kwa marehemu Kibosho. Anatakiwa mtu wa kumwelezea Mzee, dereva wetu wa lori, dakika kumi tu.

*Mama Mkubwa:* Milele amina. Dakika kumi hata Tunduma hujamfikisha 😀

*Fundi:* Nimekuwa utingo wake mimi. Foleni ya mpakani ikituganda, wenzake wanaishia baa, yeye anapita lori kwa lori kuita watu kwenye rozari. Hadi Waislamu walikuja, maana baada ya sala kuna chai ya tangawizi. Jiko lake la gesi aliliweka chini ya tela pale, upepo usizime.

*Katekista:* Akiingia mji mgeni anauliza parokia kabla ya gereji.

*Babu wa Kona:* Mimi alinipa hadithi ya Lubumbashi, Kongo. Wakisubiri kupakia shaba anaenda kusali. Wakongo wana misa ya utaratibu wao, Roma iliupitisha 1988. Mwanzoni wanawaita watakatifu pamoja na mababu, na amani wanapeana mapema, kabla ya matoleo. Akaja hapa kwangu anacheka: "Babu, nimewataja wazee wa kihamba, shamba letu la ukoo, kanisani, hakuna aliyenikemea!" Siku hiyo hata mbege hakumaliza, maneno yalikuwa mengi.

*Dada wa Majengo:* Shikamoo Babu. Mimi ni ile safari ya hija ya Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, Juni 3. Pale Namanga bibi mmoja hana hati ya kusafiria. Sisi tukakimbilia basi (ndivyo tulivyo). Mzee akateremsha begi lake, akabaki naye mpaka hati ya dharura ikatoka. Walitukuta Kampala kesho yake, mkesha umeshawapita.

*Babu wa Kona:* Marahaba. Hiyo isemwe Jumamosi.

*Mama wa Marehemu:* Asanteni wanangu. Daftari lake ninalo. Kapiri Mposhi, Kasumbalesa, kote ameandika saa za misa na nani atakupa maji ya kuoga.

*Katibu:* Mama, tulisome!

*Mama wa Marehemu:* Kurasa za mbele, sawa. Nyuma kuna majina ya waliomkopa, na wengine mmo humu 😂

*Fundi:* Mama, jioni napita hapo.

*Mama Mkubwa:* Fundi, mbona mbio? 😂😂

*Katibu:* Turudi kwenye ajenda jamani. Ndizi za machalari analeta nani?