Kompyuta ya kizazi cha tano ya Japani, zile hela ziliishia wapi?

dogo_wa_temeke:
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye daladala ya Mbagala hapa, foleni ya kufa mtu. Leo ofisini nimebishana na jamaa, yeye anasema serikali ikimwaga hela kwenye utafiti wa kompyuta lazima nchi itoboe, akatoa mfano Japani miaka ya 80. Mi nilisikia ule mradi ulibuma. Nani mkweli?

fundi_kompyuta_kkoo:
Ulibuma nusu mkuu. 1982 serikali yao ilifungua taasisi inaitwa ICOT pale Tokyo chini ya Kazuhiro Fuchi, ikapewa miaka kumi itengeneze mashine inayofikiri kwa mantiki, ndo hiyo waliyoiita kizazi cha tano, na lugha ya kuandikia programu waliyoanzia ni Prolog, ambayo hata sio ya kwao ilizaliwa Ufaransa. Kwa lugha nyepesi unaiambia Asha ni mama yake Juma, Juma ni baba yake Neema, unaipa na kanuni ya bibi, halafu ukiuliza bibi yake Neema nani inakujibu Asha na hukuandika popote. Tamu sana. Sasa wakajenga mashine maalumu za kazi hiyo, hapo ndo walipopigwa, maana prosesa za kawaida za madukani zilikuwa zinaongeza spidi kila mwaka na bei inashuka, ya kwao inatoka karakana tayari ishapitwa. Soko likawasusia, 1992 miaka kumi ikaisha hivyohivyo.

mama_swaumu:
Ila waliwatia wenzao kiwewe. 1983 Uingereza wakaja na mradi wao wa utafiti wa kompyuta, Alvey, serikali pauni milioni 200 na makampuni yakaongeza kama 150. Marekani nao DARPA, shirika la utafiti la wizara yao ya ulinzi, mwaka huohuo wakaanza wa kwao, pesa ya jeshi, wanataka gari lijiendeshe lenyewe porini. Mi siiti kubuma kabisa, Fuchi alichukua vijana, wengi hawajafika 35, kutoka makampuni yanayoshindana kama Fujitsu, NEC na Hitachi akawakalisha jengo moja. Hebu jaribu hilo na maduka mawili tu ya Kariakoo uone.

fundi_kompyuta_kkoo:
😂😂 dada umenigusa, jirani yangu hata bisibisi haniazimi. Halafu tusisahau huku kwetu 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, wenzetu wanaota mashine za kufikiri sisi hata ya kuhesabu mishahara ilikuwa magendo.

dogo_wa_temeke:
Kumbe! Kesho namwambia hela ilikuwepo, walichokosea ni kuweka dau kwenye mashine maalumu. Ngoja nishuke wakuu, konda kashaita Rangi Tatu.