Tupeane uzoefu: kunakili hifadhi ya ndani kabla ya kubadilisha mfumo wa mashine ya gemu

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Wengi wetu hapa Mbeya tunanunua mashine za gemu zilizokwisha kutumika, na mtu akifika nayo nyumbani huwaza kubadilisha mfumo, yaani programu inayoiendesha, kabla ya jambo jingine lolote. Ninawaomba waliokwisha kuifanya kazi hiyo watueleze walivyoinakili hifadhi ya ndani kwanza, na nakala hiyo ilikuja kuwafaa nini.

Nianze mimi. Wii yangu ina hifadhi ya MB 512, nami niliinakili kwa BootMii, programu ya kunakili na kurudisha hifadhi ya Wii, ambayo huonyesha kwenye skrini bloku (vipande vya hifadhi) zote 4096 zikibadilika rangi kadiri zinavyosomwa na kuhakikiwa. Bloku chache zikionekana mbovu usishtuke, kwa sababu chipu za aina hiyo hutoka kiwandani zikiwa na kasoro kama hizo. Linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba kila Wii ina funguo zake yenyewe za kufungia data, kwa hiyo nakala ya mashine ya jirani haitaiponya yako hata kama zote mbili zilitoka duka moja.

Kutoka Iringa mjini:
Ahsante kwa mada, ndugu yangu. Mimi ni fundi, na ninazopokea zaidi ni Xbox 360, ambazo nyingi zina chipu ya hifadhi ya MB 16 tu. Huisoma chipu hiyo angalau mara mbili na kulinganisha mafaili. Yakitofautiana, ninajua kuna waya wa kusomea chipu haukushika vizuri, na siandiki chochote mpaka yafanane. Kuna mteja aliniletea mashine iliyokwisha kuandikwa upya na mtu ambaye hakuacha nakala. Mfumo wenyewe unapatikana tena, lakini ile sehemu yenye namba ya mashine na ufunguo wa kisomeo cha DVD ilikuwa imefutika, na kisomeo chake hakikusoma tena diski za gemu. Iliniuma sana, kwa sababu kazi ya dakika chache ingeiokoa.

Kutoka Makambako:
Kwa upande wa Switch, yangu ina GB 32, na Hekate, programu ninayonakilia, hukata nakala vipande vipande kwa kuwa kadi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4. Kadi ikiwa ndogo, unahamishia vipande vya kwanza kwenye kompyuta kisha unaendelea pale ulipoishia. Msisahau BOOT0 na BOOT1, sehemu ndogo za kuwashia mashine, ambazo hunakiliwa peke yake. Nakala yangu moja iko kwenye diski ya nje, na nyingine nimemwachia kaka yangu Njombe, kwa sababu kadi inayokaa ndani ya mashine siku zote siihesabu kuwa mahali pa kutunzia.

Kutoka Tukuyu:
Huku kwetu mvua ni nyingi na umeme hukatika, hivyo ninaomba kuongeza hili kwa wenye Wii. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, unapoteza faili tu na unaanza upya, kwa sababu mashine ilikuwa inasomwa. Ukikatika wakati wa kurudisha nakala, hifadhi inabaki nusu imeandikwa, na mashine inaweza isiwake tena. Mimi huirudisha nakala pale tu inapolazimu, na sianzi kabla sijaunganisha mashine kwenye betri ya sola na inveta.