Kinanda Kwaresima: kuzima kabisa au kupiga kidogo?

Mpiga_Kinanda
Tumsifu Yesu Kristo wadau. Hivi kinanda kwaresima kinaruhusiwa au hakiruhusiwi? Huku kwetu kamati ya liturujia wamesema toka Jumatano ya Majivu hadi Mkesha wa Pasaka hakuna kugusa kinanda, ngoma wala kayamba, tuimbe kavu. Sasa teno (sauti ya juu ya wanaume) tunao wawili tu, bila kinanda ikifika ubeti wa tatu sauti imeshashuka besi wananguruma tu noti haisikiki. Parokia jirani wao wanapiga kama kawaida na kwenye sadaka wanacheza kabisa na vigelegele juu. Nani yuko sahihi?

Besi la Chuma
Milele amina. Kamati yenu imekaza kuliko Kanisa, majirani wamelegeza mno. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma namba 313 yanasema kwaresima vyombo ni kwa ajili ya kusaidia uimbaji tu. Yani watu wakiimba unapiga, wakinyamaza na wewe nyamaza. Zile solo za baada ya komunyo na zile mbwembwe kabla ya wimbo wa mwanzo weka kabatini, toa sauti ya kuanzia basi. Isipokuwa Dominika ya 4 (Laetare, yaani ya furaha), sherehe na sikukuu.

Mama Alto
Kwenye sherehe ndo wengi wanapotea jamani. 19 Machi Mt. Yosefu na 25 Machi Kupashwa Habari, Utukufu unaimbwa japo ni kwaresima ila Aleluya hapana hata siku hizo. Mwalimu wetu shangilio la kwaresima (la kabla ya Injili, badala ya Aleluya) anatugawia kwenye karatasi kila mtu na yake, maana mdomo ushazoea, ukizubaa kidogo Aleluya hiyo imetoka.

Mpiga_Kinanda
Na Alhamisi Kuu?

Besi la Chuma
Utukufu na kengele zote, baada ya hapo kengele kimya mpaka Utukufu wa Mkesha. Kinanda kinabaki kubeba waimbaji tu.

Kigango Kwanza
Mi naitetea kamati, kuimba kavu nako hakujakatazwa. Mbona Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba hakuna kinanda na watu wanaimba vizuri tu? Shida yenu teno hawaji mazoezi, kinanda mnakisingizia.

Mpiga_Kinanda
😂😂 namba 313 naenda nayo kikaoni. Hiyo ya teno nimewatumia kwenye grupu, mmoja kashaleft.