Ushauri: nalinganisha mashina ya mimea ya familia ya alizeti (Asteraceae), nishike sifa zipi?

Nyasi_Pori:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa utafiti wa mwaka wa mwisho, botania; kichwa chake ni kuainisha spishi kwa muundo wa shina. Nalinganisha muundo wa ndani wa shina kwa spishi sita za Asteraceae ambazo ni magugu ya shambani: *Bidens pilosa* (kishona nguo), *Tridax procumbens*, *Ageratum conyzoides*, *Galinsoga parviflora*, *Sonchus oleraceus* na *Launaea cornuta* (mchunga).

Vifaa: hadubini ya kawaida hadi x400, nyembe, safranini (rangi nyekundu ya kuta ngumu za seli), Sudan IV (rangi ya mafuta), iodini, formalini, asidi asetiki na spiriti. Mikrotomu (mashine ya kukata vipande vyembamba) hakuna. Msimamizi anataka jedwali la idadi ya vifungu vya mishipa (inayopitisha maji na chakula), unene wa koteksi (tabaka kati ya ngozi ya shina na vifungu) na kipenyo cha uboho (sehemu laini ya katikati). Shida ni kwamba idadi ya vifungu inacheza hata ndani ya mmea mmoja. Halafu vipande vya Sonchus vinachanika vyote. Je, sifa hizo tatu zinatosha kutenganisha spishi? Naombeni mwongozo.

Kambiamu:
Karibu mkuu. Idadi ya vifungu iweke mwisho kabisa wa orodha. Kila jani huchota vifungu vyake kutoka kwenye shina, na kwenye familia hii mara nyingi ni vitatu au zaidi kwa jani moja. Kishona nguo kina majani mawili yanayotazamana kwa kila kifundo, kwa hiyo ukikata karibu na kifundo unahesabu vya shina pamoja na vile ambavyo tayari viko njiani kwenda kwenye majani. Shina likizeeka nako kuna tatizo lake: kambiamu (tabaka la seli zinazogawanyika na kunenepesha shina) inaziba nafasi kati ya vifungu, zailemu (mishipa ya maji) inakuwa pete moja, na hapo huna tena cha kuhesabu.

Dawa ni kufunga mahali pa kukata. Chagua pingili ya tatu au ya nne kutoka kwenye ncha, kata katikati ya pingili, na mimea yote iwe imeanza kutoa maua. Kwenye Tridax kuwa macho: ule mti mrefu usio na majani unaobeba ua ni kikonyo cha ua, si shina, na muundo wake ni mwingine. Chukua sehemu ya shina iliyosimama, si ile inayotambaa na kutoa mizizi vifundoni.

Unene wa koteksi na kipenyo cha uboho vinafuata unene wa shina, na unene wa shina unafuata mbolea, maji na kivuli. Usiviandike peke yake. Gawanya kwa nusu kipenyo cha shina upate uwiano, huo angalau unalinganishika. Mimea mitano kutoka kila eneo, maeneo matatu, vipande kumi vizuri kwa kila mmea. Na kabla ya kupima chochote, linganisha mizani ya kwenye lenzi ya macho na slaidi ya mikromita, kwa kila ukuzaji peke yake. Namba ya x100 haihamii x400.

Mama_Hebaria:
Mwanangu, kuhusu kuchanika. Sonchus ni tupu katikati, ukilikata zima ukuta unajikunja mbele ya wembe. Lipasue kwa urefu, chukua robo yake tu, ichomeke kwenye karoti uliyoichana mlango katikati, kisha kata karoti na shina kwa pamoja. Wembe uwe mpya, wa pande mbili, umeloweshwa maji. Usisukume kama unakata mkate. Vuta kwa mshazari kuja kwako, mvuto mmoja mrefu. Kata vipande thelathini, vielee kwenye kisahani cha maji, chagua vitano vinavyopitisha mwanga. Kipande chenye upande mnene na upande mwembamba usikitupe, ukingo wake mwembamba mara nyingi ndio unaoonyesha vizuri kuliko vyote.

Kuhifadhi: formalini 5 ml, asidi asetiki kali 5 ml, ethanoli ya asilimia 70 iwe 90 ml. Vipande vya shina vya sentimita moja, dawa iwe mara kumi ya ujazo wa vipande au zaidi, saa 24 hadi 48, kisha hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70. Kama spiriti yako ni ya asilimia 95, ml 70 zake ongeza maji mpaka ifike ml 95. Ile yenye rangi ya zambarau iache, inatia doa. Formalini ishike kwa glavu, dirisha wazi.

Rangi: safranini ya asilimia 1, dakika tatu hadi tano, suuza kwa maji, halafu ethanoli ya asilimia 50 mpaka uboho upauke na zailemu na nyuzi zibaki nyekundu. Kila kitu kikibaki chekundu hukusuuza vya kutosha. Kikipauka chote umesuuza kupita kiasi, rudia. Weka kwenye gliserini ya nusu kwa nusu na maji, funika, ziba kingo kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Slaidi hiyo inadumu muda wa kutosha kuimaliza kazi yako yote.

Utomvu_Mweupe:
Wote hapo juu wamesema ya maana ila sifa yenye nguvu kuliko zote bado haijatajwa: vyombo vya utomvu na mafuta. Spishi zako zinagawanyika hapo kabla hujapima hata mikromita moja.

Sonchus na mchunga ni wa tribu (kundi dogo ndani ya familia) ya Cichorieae. Wana mirija ya utomvu mweupe iliyo jirani na floemu (mishipa ya chakula), iliyotokana na seli zilizopangana kwa mstari na kuta zake za mwisho kutoboka, kisha mirija ikaungana kama wavu. Kwenye kipande cha mkato mtambuka mrija unaonekana kama seli ndogo ya duara tu, ni rahisi kuipita bila kujua. Kwa hiyo kata pia kwa urefu, ukipitia kwenye floemu, uone wavu wenyewe.

Nne zilizobaki ziko upande wa jamaa za alizeti: Bidens ni Coreopsideae, Ageratum ni Eupatorieae, Tridax na Galinsoga ni Millerieae. Huko usitafute utomvu mweupe. Tafuta mifereji ya mafuta, yaani uwazi wa duara uliozungukwa na pete ya seli ndogo zenye kuta nyembamba. Anzia kwenye koteksi, karibu na endodemisi (safu ya ndani kabisa ya koteksi), mbele ya vifungu, halafu kagua uboho. Uwepo wake, mahali ulipo na idadi ya seli za pete, yote andika. Usipouona kwenye spishi fulani, andika haukuonekana kwenye pingili ya tatu; usiandike kwamba spishi hiyo haina.

Kosa linalorudiwa sana ni kuhesabu viputo vya hewa kama mifereji. Kiputo kina ukingo mweusi mnene na hakina seli zinazokizunguka. Gusa kifuniko cha slaidi kwa sindano, kitasogea. Mfereji hausogei.

Na kazi hii ifanywe kwa shina bichi, kabla ya dawa. Ethanoli inayeyusha mafuta na kuacha mfereji mtupu, na utomvu unaganda. Kata kwenye maji, tia Sudan IV dakika kumi, suuza haraka kwa ethanoli ya asilimia 50. Mafuta yanakuwa ya rangi ya chungwa hadi nyekundu, na kiwambo cha nje cha epidemisi (ngozi ya shina) kinashika rangi hiyohiyo, hivyo unacho cha kulinganishia. Wanaosafisha vipande kwa jiki wanapata picha nzuri ya kuta za seli lakini ndani hakibaki kitu.

Nyasi_Pori:
Shukrani sana wakuu, nimeelewa. Vinywele je? Tridax vinaonekana hata kwa macho.

Utomvu_Mweupe:
Vinywele ni sifa nzuri ukieleza aina, si wingi. Wingi unabadilika na jua. Bandua epidemisi kwa kibano, weka kwenye maji, andika: kina seli ngapi, safu moja au mbili, kitako kimevimba au la, kichwa kina tezi au hakina. Tridax ni vya seli nyingi, vigumu, kitako kimevimba. Kinywele cha tezi chenye safu mbili za seli ni alama ya familia nzima, kwa hiyo kukikuta hakutenganishi chochote mpaka ueleze umbo lake.

Ufunguo:
Samahani niingilie. Angalieni neno "kuainisha" kwenye kichwa cha utafiti. Tribu za familia hii zimejengwa kwa ua tangu mtaalamu wa mimea Cassini, mwanzoni mwa karne ya 19: umbo la staili (shingo ya sehemu ya kike ya ua), chavulio (kifuko cha chavua) na kadhalika. Halafu mwaka 1987 watafiti Jansen na Palmer wakaonyesha kwamba kikundi kidogo cha Amerika Kusini, jamaa za Barnadesia, hakina mpinduko (kipande kilichogeuka mwelekeo) wa DNA ya kloroplasti wa takriban jozi 22,000 ambao Asteraceae nyingine wanao, na shina la mti wa ukoo likahamia huko. Hilo huwezi kuliona kwenye mkato wa shina hata uwe na hadubini ya namna gani.

Sifa za shina zinajirudia kwa wasio ndugu wa karibu. Vinywele vya umbo la T viko kwenye Artemisia, viko pia kwenye baadhi ya Vernonieae, tribu nyingine. Utomvu mweupe unao Gazania, na si Cichorieae. Ukubwa wa uboho ndio kabisa: *Dendrosenecio kilimanjari* wa juu Kilimanjaro ana uboho mnene unaohifadhi maji kwa sababu ya baridi ya kila usiku, lakini ni tribu moja na magugu madogo ya Emilia yanayoota bustanini.

Kambiamu:
Ufunguo yuko sahihi kuhusu familia nzima, lakini tusimvunje moyo mwenzetu. Spishi sita zinazojulikana hazihitaji kupangwa upya. Zinahitaji ufunguo wa kuzitambua (orodha ya sifa za kufuata hatua kwa hatua) pale ua na jani havipo: mabua kwenye nyasi kavu za mifugo, vipande vya shina kwenye mzigo wa dawa za asili. Hapo ndipo anatomia inapolipa. Badilisha kichwa kiwe "kutambua" na msimamizi hatakuwa na neno.

Ufunguo huo wa kutambua uanze na mirija ya utomvu: ipo, haipo. Waliobaki wanne tenga kwanza kwa umbo la mkato. Kishona nguo kina pembe nne zinazoonekana wazi, na kolenkima (seli hai zenye kuta nene za kutegemeza shina) imejazana kwenye pembe hizo. Tridax ni duara na vile vinywele vyake. Kwa Ageratum na Galinsoga linganisha vinywele vya tezi, mpangilio wa kolenkima na kofia za nyuzi juu ya floemu. Sonchus na mchunga ndio watakaokusumbua, maana wote wana utomvu. Hao wape muda mwingi kuliko wengine.

Takwimu: sifa za ndiyo/hapana zikichanganyika na vipimo, tumia umbali wa Gower (kipimo cha tofauti kinachopokea sifa za aina zote mbili). Kwenye R (programu ya takwimu) iko kwenye kifurushi cha cluster, funksheni daisy. Ukitumia umbali wa kawaida wa Euclid, kipenyo cha shina kitameza sifa nyingine zote.

Nyasi_Pori:
Asanteni mno. La mwisho: kwenye uboho wa vipande vilivyokaa kwenye ethanoli kuna viduara vinavyong'aa, vina mistari kama miale kutoka katikati. Niandike fuwele za kalsiamu oksaleti?

Mama_Hebaria:
Usiandike kwanza, mwanangu. Familia hii huhifadhi inulini (aina ya chakula cha akiba), na inulini ikikutana na ethanoli hutuama kwa umbo hilohilo la duara lenye miale. Kata shina bichi ulitazame kwenye maji: viduara visipokuwepo, ni inulini. Kisha thibitisha kwa kipande cha kwenye ethanoli, kipashe moto kwenye tone la maji bila kuchemka. Inulini inayeyuka, oksaleti inabaki. Kikibaki, tia asidi asetiki, oksaleti haitikisiki. Tia asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, itayeyuka bila povu. Ukiona povu hiyo ni kalsiamu kaboneti. Iodini haisaidii hapa, inulini haigeuki bluu kama wanga.

Na kila mmea uliokatwa shina, ubanike mwingine wa palepale wenye ua, upe namba ileile iliyo kwenye slaidi, upeleke hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa). Ukiwa Arusha, Dar es Salaam au Nairobi zipo. Slaidi isiyo na mmea wake mkavu hakuna mtu atakayeweza kuihakiki baadaye.