Naomba ushauri: nibobee upasuaji au utoaji wa dawa za usingizi?

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Nimemaliza utarajali (mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo) mwezi uliopita, nasubiri usajili wa kudumu wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Nataka niombe ubingwa mapema, kabla majukumu hayajanibana.

Miaka yote mitano ya chuo nilijiita mpasuaji. Utarajali ndio umenivuruga. Usiku mmoja tulimwingiza mama thieta (chumba cha upasuaji), kondo la nyuma limeachia kabla mtoto hajatoka, presha imeshuka hadi 70 kwa 40. Sisi wote macho tumboni. Aliyemshikilia yule mama ni mtu wa usingizi, mzee mmoja asiyepaza sauti: anampa ketamini, dawa ya usingizi, taratibu, huku anaukamua mfuko wa damu kwa mkono ili damu iingie haraka. Tangu siku hiyo nikiingia thieta najikuta nimesimama upande wa kichwa cha mgonjwa, anapokaa mtu wa usingizi.

Nyumbani hawanielewi. Baba kaniuliza, "Yaani usome miaka mitatu mingine ili ulaze watu?" (Nilicheka, ila iliniuma.) Wenzangu nao wanasema bingwa wa usingizi hana wagonjwa wake, jina linabaki kwa mpasuaji. Upasuaji kupitia COSECSA (chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini) ni miaka mitano, lakini unajifunza ukiwa kazini, na mimi ada ya chuo kikuu sina.

Mabingwa wa usingizi mlioko hospitali za rufaa za mikoa: mnaamshwa usiku mara ngapi kwa wiki? Kazi za hospitali binafsi zipo kweli? Na je, nianze kwanza na mwaka mmoja au miwili wilayani?